Maji ya Kumsahaulisha Mtu Kwao

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, tena mhitimu wa darasa, na bado niliamini kwa moyo wote kwamba mgeni akinywa kata tatu za maji ya mto wetu husahau kwao. Si kusahau kidogo, kama unavyosahau ulikoegemeza jembe. Kusahau kabisa: jina la kijiji chake, njia ya kurudi, sura ya mama yake mzazi. Kata ya kwanza humlegeza magoti. Ya pili humfutia ndoto za nyumbani. Ya tatu, basi tena, umempata; mpe kiwanja ajenge.

Masharti yalikuwepo. Maji ya mtungini hayahesabiwi, maana hayo kila mtu hunywa. Lazima mgeni anywe amesimama kivukoni, kwa kata ya kifuu cha nazi, kutoka mkononi mwa mwenyeji. Na ile ya tatu, ambayo ndiyo yenye kazi, lazima ichotwe mto ukiwa umesimama. Mto uliosimama haujui uende juu au ushuke, na atakayeunywa hapo naye hatajua. Mimi niliyaona maneno haya yana akili kuliko mengi niliyofundishwa.

Usicheke. Ungekulia pale ungeamini. Ushahidi wetu ulikuwa umejenga nyumba, umeezeka na umezaa watoto.

Kijiji chenyewe kilikuwa ukingoni mwa Ruvu, mto ambao wageni wengi huuita Kingani, pale njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda bara inapofika kwenye maji na kuishiwa ujanja. Nasimulia miaka ile ambayo Sayyid wa Unguja bado aliitwa mwenye pwani, na Wajerumani hawajapandisha bendera yao. Kutoka Dunda, karibu na Bagamoyo, ulitembea asubuhi moja, ukapita minazi, kisha vichaka, kisha ardhi ikazama ikawa tambarare ya matope meusi yanayonata hata kwenye jina la mtu. Hapo ndipo kwetu. Mpunga ulijiotea bila kubembelezwa. Ukidondosha punje asubuhi, jioni unatafuta watu wa kukusaidia kufukuza ndege. Mamba tulikuwa naye mmoja mrefu hivi kwamba kichwa chake kikipita kivukoni watu wakiamka, mkia ulipita wakila cha mchana. Mbu sitawasema, maana nikiwasema watu huniita mwongo.

Jambo moja la mto wetu halihitaji chumvi yangu: unakwenda pande mbili. Bahari ikijaa, maji husukumwa nyuma yakapanda kuelekea bara, utadhani yamesahau kitu huko. Bahari ikipwa, huteremka kama maji ya watu wengine. Katikati ya kupanda na kushuka, mto husimama kimya, na majani yaliyokuwa yakielea hukaa mahali pamoja kama yanasikiliza. Sisi wavushaji tuliipenda saa ile ya kusimama kwa maji yaliyojaa. Mtumbwi haupelekwi kombo, na unafika mpaka kwenye ardhi ngumu, mpagazi anashuka na mzigo wake kichwani bila kuzama matopeni mpaka kiunoni. Maji yakishapwa, utamvuta mtu kama unang'oa muhogo.

Historia ya kijiji uliisoma kwa kutembea. Ulianzia kivukoni ukafuata ukingo kwenda juu. Nyumba za kwanza zilikuwa za Wakwere, waliofika kwa ajili ya mpunga kabla misafara haijajua njia ile. Babu zangu ni hao. Kisha nyumba za Wazaramo, waliosema wamekuja kusalimia, wakanogewa. Baada ya hapo mambo yanabadilika. Nyumba ya Msukuma. Nyumba ya Mgogo mwenye masikio yaliyotobolewa hata ungepitisha ngumi. Nyumba ya Mmanyema, ambayo ilikuwa ya mwisho na mbele yake ni matete tu. Wote hao walishuka na misafara wakibeba pembe za ndovu, na wote walibaki. Aliyebaki alijenga baada ya yule aliyebaki kabla yake, kwa hiyo kijiji kilirefuka kwenda juu ya mto nyumba kwa nyumba, na mtu angeweza kukuonyesha kwa kidole nani alikuja lini. Ukiuliza walibakije, pale kwenye mitumbwi ulijibiwa upesi: kata tatu.

Nami nilikuwa na elimu. Mchana nilishika upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na baada ya isha nilisoma kwa mwalimu wa Dunda aliyehamia kwetu kufundisha watu wazima wenye kazi zao. Nilimaliza Kurani na nikajua kuandika barua kwa herufi zilizonyooka, na nilipohitimu nilitembea kijijini wiki nzima nimevaa kanzu, hata kwenye mtumbwi, hata nikikoga karibu nikoge nayo. Mtu wa namna hiyo akikwambia maji yanasahaulisha, unabisha?

Kata ile ilishikwa na shangazi yangu, dada wa baba. Yeye ndiye aliyewapikia wasafiri pale kivukoni, na desturi ilikuwa kwamba mtu anayevuka mara ya kwanza hupokewa kwa maji. "Kunywa, mto ukujue," alikuwa akisema, na mgeni alikunywa, kwa sababu shangazi hakuwa mwanamke wa kukataliwa. Mume wake alikuwa amefariki masika fulani mtumbwi ulipopigwa na kiboko. Tangu hapo aliishi peke yake katika nyumba ya pili kutoka kivukoni, na wanaume waliokuja kuposa aliwapa chakula, akawasikiliza vizuri, kisha akawaonyesha njia.

Halafu akaja yule Mnyamwezi.

Alishuka kwanza na msafara wa pembe, akanywa kata yake, akaenda Bagamoyo. Wakati wa kurudi bara mguu wake ulikuwa umeoza kwa kidonda, na homa juu yake. Wenzake walimleta hadi kivukoni kwetu akining'inia mabegani mwao. Kirangozi wao, yule anayetangulia msafara na bendera, alimwekea kipande cha kaniki na kibaba cha mchele, akamwambia atapona, nao wakavuka. Shangazi akatoka jikoni, akamtazama akiwa ameegemea nguzo ya banda, akachota maji akamnywesha kwa mkono wake. Kata ya pili. Mimi nilikuwepo, nikahesabu.

Alimuuguza mpaka akapona. Mimi ndiye niliyetafuta majani ya dawa, na kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu watu wa pwani, tulianza kutukanana kabla hata homa haijashuka.

"Mtani," nilimwambia, "kwenu mna mguu mmoja mmoja au huu mwingine ulikuja nao kwa bahati?"

"Tuna miwili," alijibu macho ameyafumba. "Nyie wa pwani ndio hamhitaji. Mnakaa."

Alipoweza kusimama alikuja kushika upondo pamoja nami. Alipoweza kutembea alifyeka kipande cha matete kando ya mto, akapanda mpunga, na ulivyoota ungedhani ulikuwa na deni naye. Jioni alikaa kwenye baraza la shangazi, naye shangazi, ambaye kwa wengine alikuwa na maneno machache makali, kwake alikuwa na maneno mengi makali. Kijiji kizima kikaelewa. Wazee wakasema akishasilimu na mpunga ukishavunwa, nikahi isomwe. Akasilimu. Ukabaki mpunga.

Hapo ndipo habari ikaja kutoka Bagamoyo: msafara mkubwa unafungwa kwenda Unyamwezi, wapagazi wengi ni watu wa kule kwao. Utavuka kwetu kabla ya mavuno.

Nilikimbia nayo kwa shangazi. Alikuwa ameketi anasuka mkeka wa ukindu, mpana, wenye rangi nyekundu na nyeusi. Nilijua ni wa harusi.

"Shangazi, msafara wa watu wa kwao unakuja. Mtani ataondoka."

"Ana miguu. Si mnazi."

"Na wewe?"

"Mimi nina mpunga wa kufukuzia ndege." Hakuinua macho. "Na wewe kama huna kazi, nenda kawafukuze."

Lakini siku ile wali wake uliungua. Shangazi yangu, ambaye wapagazi walisimulia ukoko wake mpaka Tabora, aliunguza wali, akaupakua vile vile mweusi, akatukodolea macho tuliokaa kwenye jamvi mpaka tukaumaliza. Hakuna aliyethubutu kuomba maji. Ndipo nikaona kwamba jambo hili limemfika mahali ambapo hatalisema, na kwamba mtu wa kulitengeneza ni mimi. Mtani alikuwa amekunywa kata mbili. Ilibaki moja tu, na mimi ndiye niliyejua masharti.

Nikangoja mto usimame. Nilichagua saa yangu ya siku zote, ile tunayovushia mizigo, maji yamejaa mpaka kwenye nyasi za ukingo. Ilikuwa kiangazi, tena siku za bamvua, ambapo bahari hujaa kuliko kawaida. Majani yakatulia. Nikachota kata iliyofurika, nikamwita mtani aliyekuwa akifunga mtumbwi.

"Mtani, simama hapa. Simama wima! Kunywa."

"Sina kiu."

"Nani kakuuliza kiu? Kunywa, heshima ya kivuko."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyevaa kilemba, lakini akapokea, akapiga funda kubwa. Kisha macho yakamtoka, akayatema yote matopeni akakohoa mpaka akashika nguzo.

"Umenichotea bahari!"

Wanawake waliokuwa wakifua pembeni walicheka hadi mmoja akaachia nguo ikazama. "We msomi," akaniita mmoja, "nani anachota ya kunywa maji yamejaa? Bamvua hii chumvi inafika mpaka kwa Mmanyema! Ya kunywa unangoja yapwe mpaka mwisho!"

Kumbe mto unasimama mara mbili. Unasimama ukiwa umejaa, na unasimama tena ukiwa umepwa, kabla haujaanza kupanda. Wanaume wa kivuko tuliijua saa yetu ya mizigo, wanawake waliijua yao ya mitungi, na kwa umri wangu wote sikuwahi kubeba mtungi. Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa kwa jambo dogo kama bahari. Nilikadiria kwamba tone moja au mawili yalishuka kooni kabla hajatema, na kwamba hayo yatamsahaulisha angalau ndugu wa upande wa baba.

Nikajaribu tena kesho yake, maji yakiwa yamepwa. Akaninyang'anya kata akaiweka juu ya paa la banda, akasema akiniona nayo tena atanivalisha kichwani.

Msafara ukafika mchana. Uliusikia kabla ya kuuona: ngoma, baragumu la pembe, bunduki za furaha, kisha bendera nyekundu ya Sayyid ikatokeza juu ya nyasi, na nyuma yake watu na mizigo ya vitambaa vya merikani na shanga na nyaya za shaba, mstari ambao nikisema mkia wake ulikuwa bado Dunda nitakuwa nimepunguza. Walipanga kuvuka asubuhi. Jioni ile wakapiga kambi tambarareni, na mtani akaenda kwao.

Nilimfuata, nikijifanya nauza miwa. Nikamkuta ameketi kati ya watu wa kwao, mmoja wao amemshika mkono haachii. Lugha yao nilikuwa nimeokota kidogo pale mtumbwini. Alikuwa anauliza. Aliuliza kisima cha upande wa mawe kama kimekauka tena. Aliuliza ng'ombe fulani mwenye pembe moja. Aliuliza mke wa kaka yake alijifungua nini. Aliuliza mama yake anaonaje sasa, jicho la kushoto. Hakuna alichokisahau. Alikuwa amebeba kijiji kizima kichwani miezi yote ile, akisukuma upondo nami, na hajadondosha hata kuku.

Nikarudi nyumbani na miwa yangu. Shangazi alikuwa mlangoni.

"Umewaona?"

"Nimewaona."

"Anacheka?"

"Anacheka na analia, vyote pamoja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Vizuri," akasema. "Ni watu wake." Akaingia ndani.

Asubuhi maji yalipojaa tukaanza kuvusha. Mtani alikuja. Alikuwa amevaa ile kaniki aliyoachiwa na kirangozi, imefuliwa, na begani amebeba ule mkeka mwekundu na mweusi, umekunjwa na kufungwa kamba kama mkeka wa msafiri. Nikamwonyesha upondo, akaushika.

Tukavusha. Watu, mizigo, watu. Kila tukirudi upande wetu nilimtupia jicho shangazi. Alikuwa akipakua uji kwa wanaongoja kuvuka, akiwagombeza kama kawaida kwa kugusa sufuria kwa mikono michafu, na hakuangalia mtumbwi hata mara moja. Mtu asiyemjua angesema hana habari. Mimi niliona kwamba uji anaupakua kwa kata ya maji, na upawa umelala kando yake.

Safari ya mwisho ilikuwa ya kirangozi na watu wake wachache. Tulipofika ng'ambo wote wakashuka, na mtani akashuka nao na mkeka wake. Akatembea nao mpaka pale njia inapoanza kupanda. Mimi nikabaki nimeushika mtumbwi, nikijifanya nautoa maji ambayo hayakuwemo.

Nilipoinua kichwa, yule mtu aliyemshika mkono jana alikuwa amebeba mkeka begani mwake, juu ya mzigo wake mwenyewe. Walikuwa wakiagana. Mtani alimwonyesha kwa kiganja urefu wa kitu fulani, akashika jicho lake la kushoto, akasema maneno marefu, na yule mwenzake akarudia baada yake kama wanafunzi wanavyorudia chuoni. Baragumu likalia. Msafara ukaingia vichakani. Mtani akasimama mpaka bendera ikapotea, kisha akarudi, akaingia mtumbwini na kukaa.

"Mkeka umekwenda wapi?" nikauliza.

"Kwa mama yangu. Shangazi yako alimsukia. Nimempelekea salamu kwamba mimi ni mzima, nimepona, na ninaoa."

"Shangazi alijua kwamba hutoondoka?"

"Alinipa mkeka akasema, nikitaka upelekwe nitampa mtu, nikitaka nitaupeleka mwenyewe. Hakuniuliza zaidi."

Nikasukuma mtumbwi. Katikati ya mto nikashindwa kunyamaza, nikamweleza yote: kata tatu, masharti, kifuu, Mgogo, Mmanyema, saa ya mto kusimama, na bahari niliyomnywesha kwa nia njema kabisa. Nilitegemea atacheka, maana huyu hucheka hata akijikwaa. Hakucheka. Aliniangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mtu anayeumwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Mtani," akasema, "maji hayamsahaulishi mtu. Mmanyema pale mwisho, mwezi ukiandama, hunitajia ndugu zake mmoja mmoja. Msukuma anajua njia ya kwao kisima kwa kisima. Hakuna aliyesahau, hamjawauliza tu. Waliachwa hapa wagonjwa, kama mimi. Na njia ile mtu haipiti peke yake. Atakamatwa kabla ya kuona milima, auzwe, arudishwe huku huku pwani na kamba shingoni. Kwa hiyo unangoja msafara wa watu wa kwenu. Mmoja unapita bado unaumwa. Mwingine si wa kwenu, huwaamini. Wa kwenu ukija, umeshapanda, umeshazaa, na mtoto hawezi kutembea mwendo ule. Ndivyo walivyobaki. Mimi msafara wangu umekuja mapema, na ningeweza kwenda, umeona mwenyewe. Nimebaki kwa sababu nimemtaka shangazi yako, naye amenitaka."